Paka Hafungi Ramadhani

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana wa Kitale, kisha Bungoma, katika mwezi wa Shaabani. Imeandikwa upya kwa ajili ya toleo hili.)



Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T), Mola wa viumbe vyote, wanaosema na wasiosema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na swahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu na dada zangu katika imani, nilipoombwa nitoe mada kabla ya Ramadhani kuingia, wengi walitarajia nitazungumzia nguzo za saumu au adabu za itikafu. Nilipotaja paka watu walicheka. Kitale walicheka, na wiki iliyofuata Bungoma wakacheka zaidi. Kuna kijana mmoja wa safu ya nyuma alilia hata nyau. Nami nikacheka nao. Kisha nikawauliza swali ambalo nakuuliza na wewe msomaji: paka wa kwenu anakula saa ngapi mwezi wa Ramadhani?

Kimya. Na jibu nilikuwa nalo, maana kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Siku za kawaida paka hana ratiba yake, anakula tukila sisi. Asubuhi anadondoshewa kipande cha mkate, mchana anapata ugali uliobaki na kichwa cha samaki, usiku anazunguka miguu ya watu mpaka kitu kimshukie. Sasa Ramadhani inaingia. Jiko haliwaki mchana. Makombo hakuna. Wadogo wasiofunga wanalishwa haraka haraka na sahani inafunikwa. Kutoka daku mpaka magharibi ni zaidi ya saa kumi na tatu, na paka yuko mlangoni analia, nasi tunamwambia, "Nyamaza wewe, hata sisi tumefunga." Maneno hayo nimeyasema mimi mwenyewe, tena nikijiona mcheshi. Jamani, paka hafungi. Hakuandikiwa saumu, hakuweka nia, na wakati wa daku hakuna aliyemwamsha.

Tuanze na hadithi ambayo kila aliyepitia madrasa anaijua. Wameipokea Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Umar (R.A) na pia kutoka kwa Abu Huraira (R.A). Mtume (S.A.W) alieleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Hakumlisha wala kumnywesha alipomzuia, na hakumwachilia ajitafutie wadudu wa ardhini. Ustadhi wetu alipokuwa akitusomea sisi tulikuwa tunatikisa vichwa, tunasema moyoni yule mwanamke alikuwa mbaya kweli, kisha tunageuza ukurasa.

Hebu irudie polepole. Haikutajwa kuwa alimpiga. Haikutajwa kuwa alimmwagia maji ya moto au kumfunga kamba shingoni. Haikutajwa hata kuwa alimchukia. Lililotajwa ni kwamba alifunga milango miwili kwa pamoja: mlango wa kumlisha, na mlango wa kumwacha aende akajilishe. Kwa hivyo hadithi hii haikuja kwa wapenda paka peke yao. Hata wewe usiyempenda, ukiwa ndiye uliyeshika komeo, inakuhusu. Na ni ule mlango wa pili ninaotaka tuutazame vizuri, kwa kuwa wengi wetu tunadhani tumeufungua kumbe tumeufunga.

Mwaka 2014 Ramadhani ilianza mwishoni mwa mwezi wa sita ikaingia mwezi wa saba. Anayeijua Kitale anajua mwezi wa saba ulivyo: mvua kila alasiri, matope, na baridi inayoshuka kutoka Mlima Elgon. Nilikuwa na miaka kumi. Paka wetu alizaa watoto wanne kwenye pembe ya stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Walipofika kama wiki tatu na kuanza kujikokota mpaka jikoni, mama akasema paka watano hatuwawezi. Akatafuta wa kuwapa, akakosa. Basi siku moja baada ya Asri nikapewa boksi la sabuni, watoto wanne ndani, nikaambiwa niwapeleke msikitini. "Pale hawatakosa. Ni Ramadhani, watu wanaleta futari."

Mama si mkatili. Ameniruhusu niyasimulie haya, na akanituma niseme kwamba hata yeye alipokuwa msichana alitumwa hivyo hivyo. Ndivyo watu wafanyavyo mtaani. Wengine huwatia kwenye gunia wakampa utingo wa matatu awashushe soko lolote la mbele. Wengine huwaacha karibu na bucha. Na sisi Waislamu tumechagua msikiti, tukajiona kama tumeweka wakfu.

Niliweka boksi chini ya ukuta, nje ya lango, nikakimbia. Usiku mvua ilinyesha. Kesho yake nilipokwenda darsa boksi lilikuwa limelowa na kubomoka. Sitaeleza yote niliyoyaona. Waliokuwa bado wanalia walikuwa wawili tu. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia uwanja aliwafunga katika kitambaa akaenda nao kwake, na mimi nikasimama pale pale nisithubutu kusema ni wetu.

Nyumbani mama yao alizunguka siku tatu. Anaingia stoo, anatoka, anapanda juu ya magunia, anaita kwa ile sauti ya chini ambayo paka huwaitia watoto wake. Chuchu zilimjaa maziwa mpaka zikawa ngumu. Sisi tunafungua, tunakula sambusa, naye anatupita bila kuomba hata kipande.

Wiki hiyo hiyo, na wallahi sijui kama ustadhi aliliona lile boksi, alitusomea hadithi iliyo katika Sunan Abu Dawud kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A). Walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W). Alipojitenga kidogo kwa haja yake, wao wakamwona ndege mdogo akiwa na makinda wawili, wakayachukua makinda. Yule ndege akaja akawa anapigapiga mbawa zake. Mtume (S.A.W) aliporudi akauliza ni nani aliyemtia uchungu ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru arudishiwe. Wenzangu waliuliza huyo ndege ni wa aina gani na ana rangi gani. Mimi niliinamia juzuu yangu.

Sasa turudi kwenye mlango wa pili. Kumwachilia paka ajitafutie ni rehema kwa paka anayeweza kujitafutia. Mtoto wa wiki tatu hawezi. Macho yake yamefunguka juzi tu, maana hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Bado anaishi kwa maziwa. Mwili wake haujaweza kuhifadhi joto lake vizuri. Kuwinda hajafundishwa, na mwalimu wake wa kuwinda ni yule yule mama tuliyemwacha stoo. Ukimtoa huyo ukamweka soko la Chwele au nje ya msikiti, hujamwachilia. Umemfungia nje badala ya kumfungia ndani.

Kuna mtu Bungoma aliniambia nimezidisha, ati paka wana roho saba. Hayo ni maneno ya watu. Roho anayo moja kama wewe, na Surat Al-An'am aya ya 38 inatufundisha kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu sisi.

Kwa upande wa mapenzi, tunaye Abu Huraira (R.A). Katika Tirmidhi imepokewa kwamba alikuwa akichunga mbuzi wa watu wake naye ana kipaka; usiku akimweka juu ya mti, mchana akienda naye na kucheza naye. Ndipo akapewa jina hilo, baba wa kipaka. Huyu ndiye aliyepokea hadithi nyingi kuliko swahaba mwingine yeyote, na jina analotajwa nalo mpaka leo ni la mnyama wake wa machungani. Hapo hapo niseme jambo ambalo halitawafurahisha wengine. Kile kisa kinachozunguka kwenye simu kila mwaka, cha Mtume (S.A.W) kukata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka, hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Na ile kauli kwamba kumpenda paka ni katika imani, wanazuoni wa hadithi wameihesabu kuwa ni ya kuzushwa. Tusimzulie Mtume (S.A.W) hata kwa jambo zuri. Yaliyo sahihi yanatutosha.

Huku kwetu paka si pambo la kochi. Trans Nzoia na Bungoma ni nchi ya mahindi. Mavuno yanaingia kuanzia mwezi wa kumi hivi, magunia yanakaa nyumbani miezi na miezi, na panya wanaijua kalenda hiyo kuliko sisi. Paka ndiye mlinzi wa stoo, na mshahara wake ni ule ugali wa mabaki. Basi wako wanaosema usimlishe, akishiba hatawinda. Si kweli. Paka huwinda kwa maumbile yake, akishiba na asiposhiba. Mwenye njaa kali hudhoofika, akahama, au akageukia sufuria yako. Na ukiwa na paka usiweke sumu ya panya ovyo stoo. Panya akila sumu akajikokota nje, paka akamla, unaweza kuwapoteza wote wawili usiku mmoja kisha useme amelogwa.

Chakula chake si lazima kiwe cha dukani. Mimi ni mwanafunzi, najua bei. Ila ugali mtupu haumtoshi, kwa kuwa paka ni mla nyama kwa umbile lake. Ndani ya nyama na samaki mna kirutubisho kinachoitwa taurini. Akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake huharibika. Alhamdulillah omena haikosekani soko lolote la huku. Ichemshe bila chumvi nyingi wala viungo, changanya na ugali kidogo. Matumbo na mapafu kutoka bucha pia ni mazuri. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, hupasuka vipande vyenye ncha vikamchoma ndani. Na hapa wapishi wa futari wanisikilize: vitunguu, vya maji na vya saumu, huharibu damu ya paka. Ule mchuzi wa pilau unaommwagia kwa huruma unaweza kumdhuru. Mtolee kipande cha nyama kabla hujatia viungo.

Maziwa ya ng'ombe nayo, ingawa sote tumekua tukiona picha ya paka na bakuli la maziwa, huwaharisha paka wengi wakubwa. Anachohitaji ni maji safi, yabadilishwe kila siku. Wakati wa Ramadhani mpe wakati wa daku, mpe baada ya magharibi, na maji yawepo mchana kutwa. Paka mchanga wa chini ya miezi sita anahitaji na mchana pia. Kwetu sasa kazi hiyo ana mdogo wangu wa miaka saba ambaye hafungi bado. Kila siku adhuhuri anatangaza nyumba nzima kwamba amemfuturisha paka, tunamwacha aseme hivyo.

Sasa watoto. Paka hubeba mimba kama siku 63 mpaka 65, yaani miezi miwili na kidogo tu. Ukiona tumbo limeshuka na anaingia kabatini anaingia uvunguni, anatafuta mahali. Mwandalie boksi lenye nguo kuukuu pahali pakavu, pasipo na upepo wala watoto wengi. Akizaa, usiwahamishe na usiwashikeshike siku za mwanzo, mama anaweza kuwahamishia mahali pabaya zaidi kwa hofu. Mama anayenyonyesha anakula sana, hata mara mbili ya kawaida yake, basi mwongezee.

Ukikuta watoto hawana mama, kitu cha kwanza si maziwa. Ni joto. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya bahari, na usiku wa baridi unatosha kuua mtoto wa paka hata kama ana chakula. Jaza maji ya moto kwenye chupa, ifunge kwa kitambaa, mweke kando yake, lakini mwachie nafasi ya kujisogeza akisikia joto limezidi. Usimlishe akiwa baridi, tumbo lake halifanyi kazi. Akishapata joto, ukiweza kupata maziwa maalumu ya watoto wa paka kwa daktari wa mifugo, hayo ndiyo bora; ukikosa, muulize daktari huyo akuelekeze cha kutumia kwa muda. Mlishe akiwa amelala kwa tumbo kama anavyonyonya kwa mama yake, usimlaze chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yataingia mapafuni. Wiki ya kwanza ni kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Na baada ya kumlisha chukua kitambaa chenye maji ya uvuguvugu umpanguse taratibu sehemu za haja, maana mdogo hivyo hawezi kujisaidia mwenyewe. Mama yake humfanyia hivyo kwa ulimi. Nikaambiwa na dada mmoja, "Hiyo ni kazi ya mtu mwenye muda." Nikamwambia Ramadhani usiku tuko macho hata hivyo.

Kuanzia wiki ya nne wanaweza kuonja omena iliyopondwa laini. Wiki ya nane ndipo wanapokuwa tayari kutengana na mama. Siyo wiki ya tatu, siyo ya tano kwa sababu mgeni amempenda yule mwenye madoa. Wiki nane. Dawa ya minyoo na ya viroboto chukua kwa ushauri wa daktari wa mifugo, kwa kuwa kipimo ni cha uzito wake. Wako wanaochota ile dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, wakamwosha nayo paka. Wengine humtilia dawa ya viroboto ya mbwa. Dawa hizo zinaweza kumwua. Na Panadol ndiyo usithubutu kabisa. Kidonge kimoja kinaweza kumaliza paka mzima.

Swali lililorudi kote kuwili lilikuwa la najisi. Hapa tuna hadithi ya Abu Qatada (R.A), iliyo katika Muwatta ya Imam Malik na vitabu vya Sunan. Mke wa mwanawe, Kabsha, alimwekea maji ya kutawadhia. Paka akaja kunywa, Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha akawa anashangaa. Ndipo akamweleza kwamba Mtume (S.A.W) alisema paka si najisi, yeye ni katika wale wanaozunguka kati yetu. Na Abu Dawud amepokea kwamba Bibi Aisha (R.A) aliletewa harisa, chakula ambacho ndugu zetu wa pwani wanakiita boko-boko. Alikuwa anaswali, akaashiria kiwekwe chini. Paka akaja akala. Alipomaliza swala akala pale pale alipokula paka. Basi mdomo wake si tatizo. Ila mkojo na kinyesi ni najisi, tena cha mtoto wake pia, na kikigusa nguo au mswala lazima kioshwe. Manyoya machache nguoni, hata katika madhehebu yetu ya Shafi'i, yamesamehewa.

Kumzuia asichafue ni rahisi kuliko kumfukuza. Weka beseni au boksi la mchanga, au maranda ya mbao, mahali pamoja pasipobadilika. Paka ana haya yake, hupenda kufukia. Toa uchafu kila siku. Ndani yake huweza kuwa na vijidudu vinavyoitwa toksoplasma, ambavyo vinahitaji siku moja au zaidi nje ndipo viweze kuambukiza, kwa hivyo ukitoa mapema umejikinga. Mama mjamzito asiifanye kazi hiyo, kwa sababu vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Afanye mwingine, na anawe mikono kwa sabuni. Hakuna haja ya kumfukuza paka kwa sababu mke ana mimba.

Kuna jambo moja halina mzaha. Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Serikali ya Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030, na katika mpango huo ilikadiriwa kwamba watu wanaofikia 2,000 hufa kwa mwaka hapa nchini. Wengi huumwa na mbwa, lakini ukiumwa au kuparurwa na paka usiyemjua, au paka aliyebadilika ghafla akawa mkali, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje dalili, kwani dalili zikishaanza tiba hakuna. Paka wa nyumbani achanjwe kuanzia miezi mitatu, na muulize daktari arudie lini.

Bungoma, tulipofungua maswali, bibi mmoja aliyekaa upande wa akina mama aliuliza, "Mwanangu, hao watoto ukiwalea mpaka wiki nane, naweza kuwauza?" Nikamwambia, shikamoo bibi, hilo lina khitilafu. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Jabir (R.A) kwamba Mtume (S.A.W) alikemea thamani ya mbwa na ya paka. Wako wanazuoni waliochukua kuwa ni haramu kumwuza, na walio wengi, wakiwemo wa Shafi'i, wameruhusu kwa paka wa nyumbani mwenye manufaa. Anayempa mtu bure ametoka kwenye khitilafu hiyo. Bibi akasema basi ampe jirani bure lakini jirani arudishe kikapu.

Kijana mwingine akauliza juu ya paka mweusi, kwamba kwao akionekana usiku anapigwa mawe kwa kuwa ni wa mchawi. Mtume (S.A.W) alikanusha itikadi ya mkosi, na hilo liko katika Bukhari na Muslim. Rangi ya manyoya haina mkosi. Unayempiga jiwe ni paka wa mtu, na pengine ana watoto stoo. Tena hata sheria ya nchi, ile ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumtesa mnyama kuwa ni kosa.

Swali gumu lilikuwa la mwisho. Dada mmoja alisema, "Umetukataza kuwatupa. Paka wangu anazaa mara mbili, mara tatu kwa mwaka. Majirani wote wana paka. Nifanye nini?" Ana haki. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na huweza kushika tena kabla hajamaliza kunyonyesha. Bila kufanya kitu, kila boksi litafuatwa na boksi lingine. Njia iliyopo ni kumfunga uzazi, operesheni anayoifanya daktari wa mifugo mnyama akiwa amelazwa usingizi. Lamu, mji unaojulikana kwa paka wake, kazi hiyo imefanywa kwa miaka mingi.

Je, sheria yetu inasemaje? Wanazuoni wamekhitilafiana. Wapo waliokataza kuhasi wanyama moja kwa moja. Wapo walioruhusu kukiwa na manufaa na bila kumtesa, na mashekhe wengi wa zama hizi walipoulizwa juu ya paka wamekwenda na rai hii. Mimi ni mwanafunzi, si mufti, na mjue pia kwamba gharama yake si ndogo kwa nyumba nyingi. Nilichomwambia dada ni hiki: muulize sheikh unayemwamini, kisha majirani watatu au wanne mchangie, mwiteni daktari siku moja. Paka dume ni rahisi zaidi, anzeni na yule anayezunguka mtaa mzima. Mkiwa mnachangishana, aliye na watoto wa paka kwa sasa awalee mpaka wiki nane na kuulizia nyumba mapema, tangu wiki ya kwanza, asingoje mpaka wajae jikoni. Watu wa pwani wana msemo, paka wa nyumba haingwa. Huku kwetu tunamwinga yeye na watoto wake, kisha mwezi wa kumi tunalalamika panya wamekula mbegu.

Yule paka wetu wa 2014 aliishi mpaka nikaingia sekondari. Alizaa tena mara kadhaa, na mama hakunituma na boksi tena. Jike tulilonalo sasa ni la ukoo mwingine kabisa, na mwezi huu wa Shaabani limezaa watatu, pale pale nyuma ya magunia. Mmoja ameshapata nyumba Kiminini. Wawili waliobaki, mmoja mweusi mtupu na mmoja mwenye soksi nyeupe, watatimiza wiki nane katika kumi la mwisho la Ramadhani, inshaallah. Anayewataka aniulizie baada ya Tarawehe. Aje na kikapu chenye mfuniko, na asije na gunia.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.